Kivuli cha Mvumo na Kivuli cha Mgomba



Nimeombwa nizungumzie mbele yenu, wakulima na wanafunzi, kulima na kuzalisha umeme wa jua katika ardhi moja. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonileta kwenye jambo hili.

Miaka michache kabla sijastaafu uafisa ugani, kilichimbwa kisima cha sola katika kijiji kimoja cha upande wetu mkavu. Kijiji sikitaji, na mfadhili simtaji. Paneli zilifungwa kwenye vyuma vifupi, ukingo wa chini ukifika gotini na wa juu kifuani. Ikazungushwa seng'enge, likawekwa geti na kufuli, ufunguo akakabidhiwa mtu anayekaa mjini. Mwezi wa kumi nilipita pale. Nje ya seng'enge ardhi ilikuwa imepauka na kupasuka. Ndani, chini ya paneli, nyasi zilikuwa za kijani kabisa, zimesimama kana kwamba masika yameisha jana. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu ya ndoo aliniuliza, "Bwana shamba, kwa nini tusipande mchicha humo ndani?" Nikamjibu kwa elimu yangu yote kwamba eneo la mitambo linatakiwa liwe safi. Wiki iliyofuata niliandika barua kupendekeza nyasi zile zipigwe dawa.

Zikapigwa. Nakala ya barua ile ninayo mpaka leo, na huisoma kila ninapojiona nimeelimika.

Yule mama aliona kitu ambacho mimi nilikiangalia bila kukiona. Mambo matatu yalikuwa yamekutana ndani ya seng'enge: kivuli kilichopunguza ukali wa jua la saa sita, umande na mvua kidogo vilivyotiririka juu ya vioo na kudondoka sehemu moja, na udongo usiopigwa na upepo mkavu moja kwa moja. Hicho ni kitalu. Tulikuwa na kitalu kilichojengwa kwa fedha za kisima, nasi tukakinyunyizia sumu.

Kwa nini sikuona? Kwa sababu chuoni tulifundishwa shamba safi: zao moja, mistari iliyonyooka, jua juu ya kila jani. Kivuli kilihesabiwa adui, pamoja na magugu na panya. Nikiwa kijana nilipelekwa Kilimanjaro, nikapanda mlima na daftari langu kwenda kuwaambia wazee wapunguze migomba na wakate miti ili kahawa ipate mwanga. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akanipa kata ya mbege, akanisindikiza hadi njiani. Hakukata mti hata mmoja.

Mnaokijua kihamba cha Wachaga mnajua nilichokuwa nikishindana nacho. Juu kabisa kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga. Kila ngazi inakula jua lililoachwa na ngazi ya juu yake, na hakuna jani linalolala njaa. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huo, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani. Yule mzee alikwishakuutambua bila cheti. Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali: pandeni Matombo upande wa Uluguru, mtakuta pilipili manga ikipanda mti na iliki ikijificha chini.

Basi mimi ninapoulizwa kilimo chini ya paneli ni kitu gani, jibu langu ni fupi. Ni kihamba ambacho ngazi yake ya juu ni ya kioo. Tofauti ni kwamba mti hujiotea na kujipangia urefu wake. Nguzo ya paneli hupangiwa urefu na mtu aliyeketi ofisini, na urefu huo ndio utakaoamua kama chini yake patalimwa au patapigwa dawa. Nitalirudia jambo la nguzo mpaka mchoke.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1981 mwanafizikia wa Ujerumani, Adolf Goetzberger, yeye aliyeanzisha taasisi ya Fraunhofer ya nishati ya jua mjini Freiburg mwaka huohuo, aliandika pamoja na Armin Zastrow makala kuhusu viazi vinavyokua chini ya mitambo ya jua. Hoja yao ilikuwa nyepesi kama ya yule mama: inua mitambo kama mita 2 kutoka ardhini, itenganishe, na viazi vitapata mwanga wa kutosha. Wakati ule paneli zilikuwa ghali mno, hivyo wazo likawekwa kabatini. Mwaka 2004 Mjapani Akira Nagashima, mhandisi wa mashine za kilimo, alilifufua kwa namna yake, na Wajapani wakaupa utaratibu ule jina linalomaanisha kugawana jua. Mwaka 2010 kundi la Christian Dupraz, mtafiti wa Ufaransa, likajenga shamba la majaribio huko Montpellier na kuanza kupima kwa makini nani anapoteza na nani anapata.

Hapo ndipo penye utamu, na naomba wakulima mnivumilie dakika chache za darasani.

Jani halinywi jua lote linaloliangukia. Linashiba. Majani ya mboga nyingi hushiba kabla mwanga haujafika nusu ya ukali wake wa mchana. Ule unaozidi hapo hauongezi chakula chochote, unaongeza joto tu. Na jani likipata joto hufungua na kufunga vinyweleo vyake kwa mahesabu magumu: likifungua, linapoteza maji, likifunga, linaacha kutengeneza chakula. Ndiyo maana mkipita kwenye sukumawiki saa saba mchana mnaikuta imelegea hata kama mlimwagilia asubuhi. Imefunga duka. Sasa, ukiweka juu yake kitu kinacholizuia jua kwa vipindi, lile duka linabaki wazi muda mrefu zaidi, na maji uliyoyamwaga yanabaki udongoni.

Kitu hicho kinaweza kuwa jani la mgomba au tawi la mti. Kinaweza pia kuwa paneli, ambayo hupata faida yake hapohapo. Paneli haipendi joto, inapenda mwanga. Kila nyuzi moja ya joto inayopanda juu ya nyuzi 25 huipunguzia nguvu kidogo, kama theluthi moja ya asilimia au zaidi. Mimea iliyo chini hutoa jasho, jasho linapoza hewa, hewa inaipoza paneli. Yaani mchicha unamlipa mwenye nyumba wake kodi ya kivuli.

Majaribio yaliyonishawishi zaidi yalifanyika Arizona, Marekani, mahali pakavu kuliko Dodoma. Greg Barron-Gafford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walipanda aina tatu za mboga chini ya paneli na nje yake, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Pilipili za porini ziitwazo chiltepin zilizaa mara tatu ya zile za juani. Nyanya zilizaa mara mbili. Pilipili za jalapeño zilizaa sawasawa na za juani, lakini majani yake yalipoteza maji pungufu kwa asilimia 65. Na paneli zenyewe mchana zilikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 9 hivi kuliko zile zilizosimama juu ya ardhi tupu.

Msitoke hapa mkidhani kila kitu kinazaa mara tatu. Ujerumani, katika shamba la Heggelbach karibu na ziwa la Bodensee, Fraunhofer walifunga paneli za kilowati 194 mwaka 2016, wakaziinua mita 5 ili trekta na mashine ya kuvunia zipite. Mwaka 2017 ngano, viazi na seleri ya mizizi vilipungua kwa asilimia 18 au 19. Mwaka uliofuata Ulaya ikapata ukame mkali na joto la kuua. Mwaka huo viazi chini ya paneli viliongezeka kwa asilimia 11, seleri ya mizizi asilimia 12, na ngano asilimia 3. Udongo uleule na mkulima yuleyule. Hali ya hewa tu ndiyo iliyobadilika. Mwaka wa neema kivuli kilikula mazao, mwaka wa dhiki kikayalinda.

Sasa jiulizeni, sisi wa Gairo na Kongwa, miaka yetu mingi inafanana na upi?

Wataalamu wana kipimo chao cha kujua kama ardhi imefaidi. Kwa kweli wamekiazima kutoka kwa watafiti wa mseto wa mahindi na maharage. Chukua hekta moja. Ukipanda viazi peke yake, mavuno yaite 100. Ukiweka paneli peke yake, umeme uite 100. Ukichanganya, labda viazi vitatoa 80 na paneli, kwa kuwa zimetenganishwa, nazo zitatoa 80. Jumla ni 160. Maana yake, ili upate viazi na umeme uleule kwa kuvitenganisha, ungehitaji hekta 1 na sehemu 6 za kumi. Kule Heggelbach walipata hiyo 160 mwaka 2017, na 186 mwaka wa ukame. Bibi yangu hakuwa na hesabu hii, ila alipanda kunde kwenye mahindi na hakuna aliyemtoa kwenye msimamo huo.

Tuje nyumbani. Mwaka 2022 habari zilianza kutoka Isinya, Kaunti ya Kajiado, katika chuo cha kilimo cha Latia. Paneli 180 za wati 345 kila moja, jumla kilowati 62 hivi, zilisimamishwa kwenye nguzo za kama mita 3, na chini yake zikapandwa mboga. Kabichi za kwanza zilitoka kubwa kwa theluthi moja kuliko za jirani zilizokuwa juani. Anayeijua Isinya anajua upepo wake na ukavu wake; kabichi kule si mchezo. Kazi hiyo iliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, pamoja na wenzao wa huku, chini ya jina linalomaanisha kuvuna jua mara mbili. Na shamba la pili la utafiti huo liko mlangoni kwenu: Vianzi, kwenye kituo cha mafunzo cha SAT, watu wa kilimo hai. Ambao hamjafika, nauli yake haizidi bei ya soda chache.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanataja mahindi, spinachi na maharage miongoni mwa mazao yaliyofurahia kivuli kile. Kuhusu spinachi nina neno dogo la pembeni: hii tunayoiita spinachi sokoni, yenye shina pana jeupe, si spinachi ya Wazungu; ni ndugu wa kiazisukari. Kwa hiyo msije mkasoma kitabu cha kigeni kuhusu spinachi mkadhani kinawahusu.

Mahindi ndiyo yaliyonishangaza. Nadharia niliyofundishwa inasema mahindi, kama mtama na miwa, ni walafi wa jua. Hayashibi haraka kama mboga. Chini ya kivuli yanapaswa kulalamika. Mbona hayakulalamika? Mimi naliona hivi: mmea unabanwa na kile kilichopungua zaidi. Mahindi ya Ulaya hubanwa na mwanga. Mahindi yetu hubanwa na maji, na jua tunalo mpaka la kumwaga. Ukimpunguzia mtu wali wakati shida yake ni kiu, hatakugombeza. Lakini hapo pia pana mpaka, na nisingemshauri mtu wa Kilombero mwenye mpunga wake majini akajaze nguzo kwenye majaruba. Walio na maji tele na zao lipendalo jua waachwe na jua lao.

Wanaopaswa kusogea mbele ni wenye bustani. Mchicha, figiri, bilinganya, hoho, nyanya za kiangazi, vitalu vya miche. Wenye tangawizi na manjano. Wenye vanila, ambayo hata leo inatafutiwa kivuli kwa nguvu. Na, msicheke, wafuga nyuki, maana maua yanayojiotea chini ya paneli ni malisho kama malisho mengine.

Tukubaliane sasa juu ya jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitatufundisha. Jua la kwao hupita pembeni, la kwetu hupita utosini. Hapa Morogoro hufika utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Katikati, mwezi wa sita, jua liko upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Maana yake kivuli cha paneli saa sita mchana kinalala karibu moja kwa moja chini yake, kisha kwa miezi kinahama kidogokidogo kutoka upande huu wa tuta kwenda upande ule. Tuta lililokuwa kivulini masika laweza kuwa juani kiangazi. Mkulima mwenye akili ataitumia hali hiyo: mche mchanga pale panapofunikwa, zao linalokomaa pale panapofunguka. Mistari ya paneli ikipangwa kukimbia kaskazini na kusini, kivuli hutembea kutwa kutoka magharibi kwenda mashariki, kila tuta linapata zamu yake, mithili ya wachungaji wanaopishana kisimani. Hayo ni maamuzi ya kufanywa kabla saruji haijamwagwa.

Na mvua je? Paneli moja kubwa ina karibu mita za mraba 2. Paneli 100 ni bati la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 20, ile tunayoiita ya kawaida tu, itashusha juu ya bati hilo lita 4,000. Zote zitadondoka kwenye ukingo mmoja, juu ya mstari mmoja wa udongo. Ukizembea, msimu wa kwanza tu una mfereji, wa pili una korongo. Ukiamka mapema, unafunga mifereji ya bati na bomba hadi kwenye tangi, na lita 4,000 ni umwagiliaji wa bustani ya familia kwa siku kadhaa. Asiye na fedha za mifereji apande magimbi kwenye mstari wa matone. Kila vumbi linalooshwa kwenye vioo, na kiangazi cha kwetu vioo lazima vioshwe, maji yake yanashuka kwenye mimea badala ya kupotea.

Nimeulizwa sana kuhusu mifugo. Kondoo ni mpangaji mzuri: anakula nyasi, anainamisha kichwa, anapumzika kivulini, haulizi maswali. Marekani na China wanawatumia kufyeka mashamba makubwa ya sola bila mafuta wala panga. Mbuzi, kwa heshima zote, hafai. Mbuzi ataonja waya kwanza, kisha atapanda juu ya kioo atazame mandhari. Ng'ombe anahitaji nguzo ndefu na imara, kwa kuwa lazima atajikuna.

Nimerudi kwenye nguzo. Kuna gharama hapa, nami sitawaficha. Chuma cha kuinua paneli mita 3, na msingi wa kuzuia upepo usiing'oe kama mwavuli, kinagharimu zaidi ya vyuma vifupi vya kisima chetu kile. Mhandisi atakayeagizwa kupunguza gharama ataanzia hapohapo. Atashusha paneli hadi kiunoni, na kwenye bango atachora picha ya mboga. Mtaalamu wa mboga atakuja baada ya mkandarasi kuondoka, na atakuta hawezi kuingia isipokuwa kwa kutambaa. Kwa hiyo mkisikia mradi unajisifu kuwa ni wa kilimo na umeme, msiulize kwanza kilowati. Ulizeni: nguzo ni mita ngapi? Kati ya mstari na mstari pawatila inapita? Waya zimefukiwa kina gani, jembe lisije likazikuta? Majibu hayo yatawaambia kama wakulima walikuwepo siku ya kuchora.

Tuna methali isemayo kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mrefu mno. Anayekaa shinani kwake anaungua jua, na kivuli kinakwenda kumpoza mtu asiyeujua mti. Mgomba sivyo. Kivuli cha mgomba kinaanguka shinani pake, juu ya magimbi ya mwenye mgomba.

Mashamba makubwa ya sola yanayokuja kwetu yako katika hatari ya kuwa mivumo. Garissa, Kenya, kiko kituo cha megawati 50 kilichozinduliwa 2019, kimekaa kwenye hekta 85. Kwetu, Kishapu mkoani Shinyanga, TANESCO ina mradi uliopangwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50. Kwa uwiano wa Garissa, megawati 150 zinadai kama hekta 255. Umeme tunauhitaji, sipingi hata kidogo; bwawa la umeme wa maji peke yake halitoshi mwaka ambao mvua imegoma. Ninachouliza ni hiki: hekta hizo, chini ya vioo, zitakuwa nini? Shinyanga ni nchi ya Wasukuma, na Wasukuma wana ngitili, desturi ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wale kiangazi. Nani atashangaa kwamba nyasi zinazokua chini ya paneli, zilizofungiwa ndani ya seng'enge na kulindwa dhidi ya jua, ni ngitili iliyo tayari? Zikatwe na kubebwa kama majani ya zizini, kama ng'ombe wenyewe hawaruhusiwi kuingia. Hilo halihitaji nguzo za mita 5. Linahitaji ruhusa.

Ruhusa inatoka kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, imeiweka ardhi yetu mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Mwekezaji mkubwa anapokuja, njia iliyozoeleka ni kuihamisha ardhi ile kuwa ardhi ya jumla, wananchi wakalipwa fidia mara moja, mlango ukafungwa. Kwa kiwanda cha saruji naelewa: huwezi kulima ndani ya tanuri. Kwa sola sielewi. Paneli inakalia hewa. Ardhini inahitaji mashimo ya nguzo tu. Kwa nini mtu anayetaka kukodi hewa yangu auziwe na udongo wangu?

Wajapani walilifikiria hilo mapema. Mwaka 2013 wizara yao ya kilimo iliruhusu paneli juu ya mashamba kwa sharti kwamba shamba libaki shamba. Kibali kinahusu zile nguzo tu, tena ni cha muda, na mavuno chini yake hayaruhusiwi kushuka zaidi ya asilimia 20 kulinganisha na mashamba ya jirani. Taarifa inapelekwa kila mwaka. Ukishindwa kulima, unaweza kuambiwa uondoe vyuma vyako. Sharti hilo lina udhaifu wake, maana wapo wanaopanda zao la kujifanya ili kulinda kibali. Hata hivyo, mizani imewekwa upande wa mkulima: ni mwenye paneli anayetakiwa kuthibitisha kwamba kilimo kinaendelea. Kwetu ni mkulima anayetakiwa kuomba aruhusiwe kuingia.

Ningekuwa diwani, na namshukuru Mungu siye, ningetaka mkataba wa kijiji na mwenye paneli utaje urefu wa nguzo kwa sentimita. Utaje nani analima chini na kwa miaka mingapi, maana hakuna atakayeweka samadi kwenye udongo anaoweza kufukuzwa kesho. Utaje umeme kidogo unaobaki kijijini. Kilowati moja ya paneli kwetu inatoa kama kilowati-saa 4 kwa siku. Kilowati 30 zinaweza kuendesha mashine ya kusaga, pampu na chumba cha ubaridi cha kuhifadhi nyanya, hizi zinazoozea kwenye matenga pale Dumila bei inapoanguka. Kwa mkulima wa mboga, kuahirisha kuuza kwa siku nne ni faida kubwa kuliko kuongeza mavuno kwa asilimia kumi. Na utaje ufunguo. Ufunguo wa geti unakaa kwa nani?

Wapo watakaosema wezi. Ni kweli, paneli zinaibwa, na seng'enge haijamzuia mwizi yeyote aliyekuja na koleo. Kinachomzuia ni watu. Shamba lenye kina mama wanaopalilia asubuhi na jioni, na kijana anayemwagilia usiku kwa sababu pampu ina betri, lina walinzi ambao hakuna anayewalipa. Kile kisima chetu, kilichofungwa kwa kufuli na kupigwa dawa hata panzi hakai, kiliibiwa paneli sita. Hakuna aliyekuwa karibu, maana hapakuwa na sababu ya mtu kuwa karibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza maneno, ila sijamaliza mhadhara. Nje ya ukumbi huu, upande wa mwembe, asubuhi nimesimika mianzi mitatu: wa mita 1, wa mita 2 na wa mita 3, na kila mmoja nimeufunga alama nyekundu juu. Kuna jembe pale, na kuna mama mmoja kutoka Kilosa, mrefu kuliko mimi, aliyekubali kulima tuta moja mbele yenu kama anavyolima kwake, jembe likipanda mpaka linapopanda. Wanafunzi wa uhandisi, ninyi ndio ninaotaka msimame mbele. Twendeni tukaone jembe linafika wapi. Futi kamba ninayo mfukoni, na chai nimeambiwa inaweza kusubiri.